Pingili zinachipua kisha zinanyauka: namna ya kuuokoa mwaridi wa marehemu mama

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Ilazo, jijini Dodoma. Marehemu mama ameacha mwaridi wa maua ya pinki yenye harufu nzito kwenye nyumba ya familia, Mpwapwa. Alipewa tawi na jirani yake zaidi ya miaka 30 iliyopita, na umekuwa ukichanua karibu mwaka mzima. Nyumba imeshauzwa na tunatakiwa kuikabidhi mwishoni mwa Juni. Mwaka jana nilikata pingili mara mbili, mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na moja, nikazichomeka ardhini kama baba mdogo anavyopanda zabibu zake kule Mpunguzi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Zote zilichipua majani nikafurahi, lakini kufika wiki ya tatu zikanyauka zote. Nyingine nilizichomeka kwenye viazi kama nilivyoona mtandaoni, nazo zikaoza. Nakosea wapi, na je, muda bado upo?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Muda upo, tena umeandika kwa wakati mzuri, kwa kuwa tuko Januari na kazi ya kwanza inatakiwa kufanyika kabla mwezi huu haujaisha. Nitaeleza kwanza kwa nini pingili zako zilikufa, kwa sababu usipoielewa sababu hiyo utabadilisha udongo, utabadilisha mbolea, na matokeo yatakuwa yale yale.

Majani uliyoyaona wiki ya kwanza hayakutokana na mizizi. Tawi la mwaridi huweka akiba ya wanga na maji ndani ya mti wake, na jicho lililolala kwenye kifundo linaweza kufumbuka na kutoa majani kwa akiba hiyo tu, hata kama upande wa chini hakuna uzi hata mmoja wa mzizi. Majani hayo mapya ni laini na hupoteza maji kwa kasi kubwa kupitia vitundu vyake vidogo. Pingili isiyo na mizizi hunyonya maji kidogo sana kupitia mkato wa chini, kwa hiyo matumizi yanazidi mapato, akiba inakwisha, na wiki ya tatu kila kitu kinaanguka kwa pamoja. Wewe ukaona kwamba pingili zimeshika kisha zikafa, ilhali hazikuwa zimeshika. Kumwagilia asubuhi na jioni hakukusaidia, kwa sababu kiu haikuwa kwenye udongo bali kwenye hewa iliyokuwa ikiyazunguka majani.

Hapo ndipo Dodoma inapotofautiana na maeneo ambako video nyingi za mtandaoni hurekodiwa. Sisi tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, tunapata mvua ya kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Kuanzia Agosti upepo mkavu wa mashariki na kusini-mashariki huvuma karibu kila siku, na ikifika Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30. Ulikata pingili mwezi wa tisa na wa kumi na moja, yaani katika kipindi kibaya kuliko vyote, ukaziweka wazi juani. Hata mimi, mwanzoni mwa kazi yangu ya ugani, nilipoteza kitalu kizima cha miwaridi mwezi Oktoba kwa kosa hilo hilo, na kwa muda mrefu nililaumu mchwa.

Kuhusu zabibu za baba mdogo, njia yake ni sahihi kwa zabibu. Tawi la mzabibu lililokomaa lina akiba kubwa na hutoa mizizi kwa urahisi usio wa kawaida, ndiyo maana wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na Makutupora huchomeka pingili zisizo na jani hata moja na zikaota. Mwaridi pia unaweza kuoteshwa kwa pingili kavu zisizo na majani, na katika nchi zenye baridi kama Uingereza watu huzifukia nje kabla ya majira ya baridi na kuziacha miezi mingi. Huko hewa ni ya baridi na yenye unyevu, jicho linalala wakati mzizi ukijitengeneza taratibu. Hapa kwetu jicho halilali. Kwa hiyo sisi tunahitaji pingili changa kiasi, yenye jani lake la kuitengenezea chakula, na tunahitaji kuizungushia hewa yenye unyevu mpaka mizizi itoke. Hilo ndilo jambo moja ambalo mengine yote nitakayoandika yanalitumikia.

Viazi uviache. Kiazi hakina kitu kinachoamsha mizizi ya mwaridi. Kinaoza, kinaleta kuvu kwenye mkato ule ule unaotakiwa kuwa safi, na kikiwa ardhini kinawaita wadudu. Asali na mdalasini navyo havitoi mizizi. Ukipenda kusaidia, nunua kwenye duka la pembejeo unga wa homoni ya kuotesha mizizi, uuguse kidogo kwa ncha ya pingili na kukung'uta unaozidi, kwani ukizidisha unazuia badala ya kusaidia. Ukiukosa usihuzunike. Mwaridi unaochanua mwaka mzima, uliodumu zaidi ya miaka 30 bila matunzo ya kitaalamu, na ambao wenyewe ulitokana na tawi la jirani, umekwisha kuthibitisha kwamba unaota kwa pingili.

Jambo hilo la tawi la jirani lina uzito zaidi ya unavyodhani. Miche mingi ya miwaridi inayouzwa imebebeshwa, yaani jicho la ua zuri limepachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Ikipuuzwa kwa miaka, shina la chini hutoa machipukizi yake na kulimeza ua lililobebeshwa, na watu hushangaa ua jekundu limegeuka kuwa kichaka cha maua madogo meupe. Mwaridi wa mama umesimama juu ya mizizi yake mwenyewe, hivyo tawi lolote utakalokata, hata lile linalochomoza kutoka ardhini, litakupa ua lile lile na harufu ile ile. Tahadhari moja tu: usijaribu mbegu. Yale matunda mekundu yanayobaki baada ya ua yana mbegu, lakini mche wa mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, wala hauwi nakala ya mmea ulioupenda.

Sasa tuanze kazi. Kabla Januari haijaisha, nenda Mpwapwa na mkasi mkali wa kupogolea uliosafishwa kwa spiriti. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na membamba kama njiti, kisha yafupishe matawi mazuri kwa theluthi moja, ukikata milimita 5 hivi juu ya jicho linalotazama nje. Mwekee mti huo ndoo moja au mbili za samadi iliyoiva, umbali wa shibri moja kutoka shinani, na uombe mtu anayeishi pale au jirani aumwagilie lita 20 kila mvua inapokosekana siku nne. Pingili bora hutoka kwenye mti ulioshiba maji na chakula, na mti wa kale ambao haujapogolewa miaka mingi hutoa matawi magumu yasiyo na hamu ya kuota. Baada ya kupogolewa, machipukizi mapya huhitaji wiki sita hadi nane kufikia kuchanua. Ukipogoa mwisho wa Januari, maua yatafunguka katikati au mwishoni mwa Machi, na hicho ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote kwa pingili za miwaridi hapa Dodoma: joto bado lipo, hewa bado ina unyevu wa masika, na kuna miezi minne hivi ya kujijenga kabla ya upepo mkavu.

Siku hiyo hiyo ya Januari, usiondoke Mpwapwa kabla hujalaza matawi mawili au matatu. Hii ndiyo bima yako, na kwa mtu mwenye mti mmoja tu usio na mbadala naiona ni muhimu kuliko pingili zenyewe. Chagua tawi refu la chini linalopindika bila kuvunjika. Sehemu itakayogusa ardhi, pasua upande wa chini mkato wa mshazari wenye urefu wa sentimita 3 au 4, usizidi katikati ya unene wa tawi, na upachike kijiti cha kiberiti ili mkato usijifunge. Chimba kijishimo cha sentimita 10, changanya udongo wake na mchanga, laza tawi humo, libane kwa kipande cha waya kilichokunjwa, fukia, weka jiwe juu, kisha ncha ya tawi isimamishe kwa kijiti. Jiwe huhifadhi unyevu na huzuia kuku wasifukue. Tawi lililolazwa haliwezi kufa kwa kiu kama pingili, kwa sababu bado linanyonya kwa mama yake wakati likijitengenezea mizizi yake. Baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu litakuwa tayari. Mwezi Aprili fukua pembeni kwa kidole, na ukiona mizizi myeupe ya kutosha, likate upande wa mama lakini liache palepale wiki mbili nyingine ndipo ulihamishe.

Mwishoni mwa Machi ufanye safari ya pili, ile ya pingili. Tafuta tawi ambalo ua lake limetoka kupukutisha petali. Tawi changa zaidi ya hapo huoza, na lililozeeka zaidi huchelewa kuota au halioti kabisa. Kuna kipimo cha zamani cha watu wa vitalu: sukuma mwiba kwa kidole gumba kutoka ubavuni, na ukikatika kwa mlio bila kuchana ganda, tawi limeiva inavyotakiwa. Unene uwe wa penseli au pungufu kidogo. Kata asubuhi kabla ya saa 2, wakati matawi yamejaa maji ya usiku, na matawi yawe marefu kuliko unavyohitaji. Utayakata vizuri ukifika nyumbani. Yafunge kwa gazeti lililoloweshwa, yatie ndani ya mfuko wa plastiki, na kwenye basi yakae mapajani mwako au chini ya kiti, kamwe si kwenye dashibodi wala buti lenye joto. Njia ya Kongwa na Mbande hadi Dodoma si ndefu, lakini saa moja ya jua la kioo inatosha kuyapika.

Yale maua ya dukani yanayouzwa kwa shina moja moja usiyatumie kamwe kama mfano wa kujifunzia. Mara nyingi yamekaa baridi siku nyingi, akiba yake imepungua, na yakikataa kuota yatakukatisha tamaa bure.

Kabla ya safari hiyo uwe umeandaa vitu viwili, mchanga na maji. Mchanga uwe ule wa chenga kubwa unaochotwa kwenye korongo, usiwe mchanga laini wa plasta, na uuoshe kwenye ndoo mara nyingi hadi maji yanayotoka yawe meupe, kwa kuwa korongo zetu huacha tope na chumvi. Kisha umwagie maji yanayochemka na uuache upoe. Usitie samadi wala mbolea yoyote. Pingili haina mizizi ya kula, na mbolea hiyo italisha kuvu peke yake.

Kuhusu maji nasema kwa msisitizo, maana watu wengi wa mjini hawalifikirii. Maji mengi ya bomba hapa Dodoma hutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, na yana chokaa nyingi, kama unavyoona ukoko mweupe kwenye birika lako. Kwa kunywa hakuna neno, lakini ndani ya chombo kidogo cha pingili maji hayo hukauka na kuacha chumvi zake, siku baada ya siku, mpaka mkato unaungua. Kuchemsha hupunguza chokaa, ila chumvi nyingine hubaki. Kinga maji ya mvua kutoka bati. Yaache ya mwanzo yaoshe vumbi, kinga yanayofuata, na funika. Dumu moja la lita 20 linatosha pingili 30 kwa zaidi ya mwezi.

Ukifika nyumbani, kata kila pingili iwe na sentimita 15 hadi 20 na vifundo vinne. Mkato wa chini upite chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hupenda kutoka hapo, na mkato wa juu upite juu ya jicho. Majani ya chini yaondoe yote. Juu bakiza majani mawili, na kila jani, ambalo kwa kawaida lina vijani vitano au saba, likate libaki na vijani viwili tu. Hapa wengi wanakosea pande zote mbili. Anayeacha majani yote anaiua kwa kiu, na anayenyofoa yote anaipokonya chakula. Kwa kutumia kijiti toboa shimo kwenye mchanga uliolowa, ingiza pingili hadi vifundo viwili vizame, kisha bana mchanga kwa vidole. Kuchomeka pingili yenyewe kwa nguvu huchubua ganda la chini na kufuta unga wa homoni.

Chombo chochote chenye matundu chini kinafaa. Mimi napenda chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa katikati: nusu ya chini inatobolewa na kujazwa mchanga, nusu ya juu inarudishwa kama kifuniko, na kwa kuwa chupa inaonyesha ndani, utaiona mizizi bila kuing'oa pingili. Zungushia nusu ya chini karatasi nyeusi ili mizizi ipate giza, na uwe unaifunua unapokagua. Kila chupa inatosha pingili tatu. Ndani ya kifuniko unyevu utajaa, utaona matone yametanda, na majani hayatakuwa na haja ya kutoa maji yake.

Mahali pa kuziweka pana maana kubwa sawa na chombo. Kifuniko cha plastiki kikipigwa na jua moja kwa moja kinageuka jiko. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana kwetu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini wa nyumba yako utakuwa na kivuli chenye mwanga wa kutosha katika kipindi chote cha kazi hii. Tatizo la upande huo ni upepo wa kusini-mashariki, nawe uuzuie kwa gunia lililowambwa kwenye miti miwili. Weka chupa juu ya matofali ili mchwa wasipande, wala usiziweke ndani ya nyumba kwenye giza, kwa sababu yale majani mawili uliyoyaacha yanafanya kazi kwa mwanga.

Baada ya hapo kazi kubwa ni subira. Kila siku ya tatu au ya nne fungua, toa jani lililoanguka kabla halijaota ukungu, gusa mchanga, ongeza maji kidogo kama umeanza kukauka, kisha funika. Pingili iliyogeuka nyeusi kuanzia chini iondoe mara moja. Kati ya wiki ya pili na ya tatu, kwenye mkato hutokea uvimbe mweupe kama kovu. Huo si mzizi bado, ingawa ni dalili njema. Mizizi hutoka wiki ya nne hadi ya sita, na penye ubaridi huchelewa hadi ya nane. Pingili ikichipua majani wiki ya pili, sasa unajua kwamba bado hujafika. Ikitoa awamu ya pili ya machipukizi, nawe ukaona nyuzi nyeupe kwenye ukuta wa chupa, hapo ndipo imeshika. Kati ya pingili 30, ukipata 15 umefanya vizuri sana kwa mara ya kwanza.

Usiwe na haraka ya kuondoa kifuniko. Mche uliokulia kwenye unyevu una majani malaini yasiyojua hewa ya Dodoma, na wengi hufa siku ya kufunuliwa. Kwanza fungua kizibo tu cha chupa kwa siku tatu au nne. Halafu inua kifuniko saa chache za jioni, siku inayofuata zaidi kidogo, na baada ya siku kumi kiondoe kabisa. Kwa kuwa mchanga hauna chakula, hamishia miche kwenye viriba vyenye udongo mwekundu tifutifu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na mchanga sehemu moja. Samadi ya mbuzi, ambayo kwetu ni nyingi, ni kali sana ikiwa mbichi, hivyo ikae miezi sita kwanza, ilowe na kugeuzwa.

Huenda mtu akakushauri uung'oe mti wenyewe na kuuhamisha. Mwaridi wa zaidi ya miaka 30 una mizizi minene iliyokwenda mbali na nyuzi chache karibu na shina, na uwezekano wa kuupoteza ni mkubwa. Nisingeugusa hadi watoto wake wawe wamesimama. Mwanzoni mwa Juni, kukiwa na baridi na miche yako ikiwa salama, unaweza kuupogoa hadi magotini, kuuchimba na bonge la udongo la nusu mita na kujaribu, kwani hapo huna cha kupoteza. Njia nyingine ni kumpelekea fundi wa kubebesha machungwa na maembe macho machache ya mwaridi huo, ayapachike kwenye shina la mwaridi mwingine lenye nguvu. Hufanyika vizuri wakati wa mvua, ganda linapobanduka kirahisi. Naitaja kwa ajili ya ukamilifu, ila kwako naona pingili na kulaza tawi vinatosha.

Miche usiipande ardhini Agosti wala Septemba, hata kama itaonekana imenona. Kiwanja kikiwa wazi, upepo unapita moja kwa moja. Ihamishie kwenye ndoo za lita 10 zenye matundu, iishi barazani hadi mvua za Desemba zitakapoanza kunyesha vizuri, ndipo uichimbie mashimo ya nusu mita kwa nusu mita, umbali wa mita moja, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa 9 alasiri. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo lakini ziache nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina, kwa kuwa mchwa hupita chini ya nyasi na kulivaa ganda. Majani yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, ujue madini ya chuma yamefungwa na chokaa ya maji ya bomba na mmea hauyapati. Ongeza mboji, tumia maji ya mvua kila unapoweza, na nunua mbolea ya chuma ya kunyunyizia.

Katika miezi ya barazani utakutana na maadui wawili. Juni na Julai, usiku joto likishuka hadi karibu nyuzi 14, machipukizi hupata ubwiri unga, ule unga mweupe unaokunja majani. Salfa anayotumia baba mdogo kwenye zabibu inafaa pia hapa, mradi uipige asubuhi na isiwe siku ya joto kali, kwa maana ikizidi nyuzi 30 inaunguza. Ukungu wa zabibu na wa mwaridi si mmoja, hivyo usiogope kwamba shamba lake litaambukiza maua yako. Kuanzia Septemba huja utitiri mwekundu, mdogo kiasi cha kutoonekana, ambao huacha jani na madoa ya rangi ya vumbi na utando mwembamba chini yake. Huyo hupenda ukavu, hivyo kila asubuhi rushia maji upande wa chini wa majani, na wakizidi tumia maji yenye sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita.

Mche utajaribu kuchanua mapema, pengine ukiwa na kimo cha shibri mbili tu. Kata matumba yote ya mwanzo kwa kucha hadi uwe na matawi manne yenye nguvu, kwa sababu ua moja hula chakula ambacho kingejenga mizizi. Najua itakuwa vigumu kwako. Basi mche mmoja, ule ulionona kuliko wote, uachie tumba moja lifunguke ili uione rangi na kuisikia harufu, halafu likate. Miche miwili mpelekee ndugu yako anayeishi mbali na Dodoma, na mmoja mrudishie yule jirani wa Mpwapwa au watoto wake, ili siku mchwa au ukame ukikushinda uwe na mahali pa kuomba tawi.

Niandikie tena mwisho wa Aprili, utakapoyafukua matawi uliyoyalaza, unieleze mizizi ina rangi gani na urefu gani, nami nitakuambia kama ukate au usubiri.